Pikipiki Iliyogawanywa Muhumba

Niliondoka Mwanza na begi la nguo, kisanduku cha spana na picha moja kwenye simu. Picha yenyewe ilikuwa na giza. Ilionyesha ubavu wa injini, bomba la moshi ambalo kromu yake haijabanduka, na pindo la blanketi. Aliyenitumia ni ndugu yangu wa upande wa mama, anayepeleka vitenge kati ya Kigoma na Bukavu. Chini yake aliandika: "Pikipiki ya Kiingereza, ya zamani kweli. Mjane anauza. Si wewe ndiye mwenye wazimu wa hivi vitu?"

Wazimu nilikuwa nao. Nilizaliwa Uvira, na baba yangu alikuwa na pikipiki ya aina ile. Aliiuza nikiwa na miaka saba, wiki ile ile tuliyohamia Kigoma. Nakumbuka nilisimama barabarani nikisikiliza mlio wake ukipungua, mpaka ukawa kama mtu anayekohoa nyumba ya tatu. Tangu hapo nimekaa miji mingi. Nilimaliza sekondari Kigoma, nikajifunza ufundi wa pikipiki kwa kutazama mikono ya wengine, nikaenda Tabora, Mpanda, ng'ambo kwa Wazambia, kisha Mwanza. Kila mji niliuacha kabla haujanizoea. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu, na hakukuwa na mtu wa kuniuliza naenda wapi.

Kabla ya kuondoka niliituma ile picha kwa mzee mmoja wa Arusha, mhandisi mstaafu anayekusanya pikipiki za Kiingereza na kuzitunza kama ng'ombe wa maziwa. Niliwahi kumtengenezea moja. Alinipigia saa ile ile.

"Ukikuta ni nzima, na haijabadilishwa kitu, nakuja mwenyewe," alisema. "Lakini sikiliza. Usiioshe. Usiipake rangi. Hata kutu yake usiiguse, kutu yake nainunua pia."

Nilifika Kigoma kwa basi, nikavuka ziwa Tanganyika kwenye boti la mbao lililojaa magunia ya chumvi. Uvira nilisubiri lori siku tatu. Nilikwenda kutazama nyumba niliyozaliwa, nikakuta imekuwa stoo ya saruji, na mlinzi akanifukuza kwa adabu. Lori lilipopatikana lilikuwa la mawese na dagaa. Kwenye milima ya Ngomo dereva alitushusha wote ili gari liwe jepesi, tukapanda kwa miguu nyuma yake, mkono mmoja umebeba viatu, matope mpaka magotini, na chini yetu bonde ambalo sikutaka kulitazama. Mama mmoja mwenye kuku wawili alinicheka: "Tonton, angalia mbele! Kule chini hakuna mutu anakuita." Niliingia Bukavu siku ya tisa, mchana, mvua ikinyesha, nikiwa nanuka dagaa.

Nyumba ya mjane ilikuwa mtaa wa Muhumba, ya matofali, yenye baraza la mbao lililochongwa vizuri, kwa kuwa marehemu mume wake alikuwa seremala. Nilimkuta anachambua maharagwe. Alinitazama kutoka viatu hadi kichwa.

"Njo weye komisioneri?"

"Ndiyo mimi, Maman. Naitwa dalali kwetu."

"Mbona mwembamba hivi? Mutu wa biashara anapaswa kuwa na tumbo. Ikala kwanza, ukule."

Nilikula. Kisha akanipeleka chumba cha kulala. Pale, kati ya kitanda na kabati, juu ya kigoda cha mninga alichokiunda marehemu kwa kazi hiyo tu, ilikuwa imesimama. Aliondoa blanketi. Rangi nyeusi ilikuwa ile ya kiwandani, imefifia kidogo sehemu ambazo goti la mtu hugusa. Mpira wa kukanyagia ulikuwa na meno yake yote. Niliwasha tochi nikasoma spidomita: maili elfu tatu na sitini na moja. Kwa umri wa pikipiki ile, ni kama mtu wa miaka sitini ambaye hajawahi kutoka uani kwao.

Lakini haikuwa na gurudumu la mbele. Haikuwa na tangi la mafuta. Na mahali pa kabureta palikuwa na shimo lililozibwa kwa kitambaa.

"Maman, vingine viko wapi?"

"Viko kwa watoto," alisema, kama mtu anayeulizwa sahani ziko wapi.

Alinieleza akiwa amekaa kitandani. Mume wake aliachiwa pikipiki na mmishonari mmoja Mwingereza aliyemfanyia kazi ujanani. "Alimuachia moto na mbwa. Mbwa ilikufa." Pikipiki kwao huitwa moto. Mume aliiendesha Jumapili tu, kwenda misa na kurudi. Halafu zikaja nyakati za askari kuchukua kila chenye magurudumu, naye akajifunza walichojifunza wengi mjini: ukisikia risasi, ng'oa kabureta, ifiche. Yake aliifukia kwenye gunia la maharagwe. Askari waliingia mara tatu, wakaisukuma mpaka langoni, ikakataa kuwaka, wakaiacha. Baada ya mara ya tatu hakuirudisha tena kabureta mahali pake. Ndiyo sababu maili zilikuwa chache. Hofu ndiyo iliyoitunza.

Alipofariki, watoto wake watatu walikaa kikao cha familia, wakakubaliana jambo moja: pikipiki iuzwe, na fedha yake imjengee kaburi la saruji kule kijijini Mudaka, kwenye shamba la wazee wake, ambako alizikwa kwenye mteremko. Yeye mwenyewe alikuwa amesema hivyo. Lakini walijuana. Kila mmoja aliogopa mwenzake asije akaiuza kwa siri. Kwa hiyo siku ya kumaliza matanga kila mtu aliondoka na kipande: mkubwa gurudumu, dada tangi, mdogo kabureta. Mama alibaki na vilivyobaki, na karatasi.

"Kaburi ya baba yao ni ya udongo," aliniambia. "Kila mvua inakula kidogo. Mwaka jana imekula pa miguu. Minataka nione sima ya kujenga juu yake mbele ya kufa. Ni hiyo tu. Nyumba watagawanya, sahani watagawanya, mimi sina neno."

Alinipa chumba cha uani, nami nikasema ndani ya mwezi mmoja nitakuwa nimemaliza. Nilisema kwa urahisi. Vipande vyote vilikuwa vinajulikana viliko.

Mkubwa alikuwa karani wa ofisi moja Ibanda, mtu wa koti hata kwenye jua. Alinisikiliza vizuri, akafungua mlango wa stoo, akanionyesha gurudumu likiwa limeninginia kama picha ya harusi. Kisha akafunga.

"Nitalileta. Lakini mimi ni mukubwa, Papa. Mukubwa hawezi kufungua mukono wa kwanza. Wadogo watangulie."

Dada aliuza unga sokoni, na tangi aliliweka chini ya kitanda chake. Alicheka niliposema maneno ya kaka mkubwa, ambaye kwao huitwa yaya.

"Yule yaya! Hata kiti ya kanisa anasemaka ni yake. Nikileta mimi wa kwanza, watasema mwanamuke ana njaa ya feza. Aanze mwenye kabirateri."

Mwenye kabureta alikuwa mdogo wao, mkulima wa Mudaka, mpole, mwenye kutazama chini akiongea. "Mimi niko mbali," alisema. "Nikifika na yangu nikute wao hawakuleta, nitarudi nayo tena? Na transport ni ya nani?"

Nilizunguka hivyo wiki tatu, Ibanda, sokoni, Mudaka, nikirudi kila jioni mikono mitupu kwa Maman, naye akiniuliza swali moja: "Wanasema nini?" Mwishowe mzee wa Arusha alitaja siku yake ya kuja, na hiyo ndiyo iliyowakusanya. Walikubali kuja na vipande siku hiyo, wote kwa saa moja, mbele ya macho ya mnunuzi.

Wiki mbili kabla, Maman aliwaita barazani ili niwaeleze mnunuzi anataka nini. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na nilifanya kwa moyo mweupe. Niliwaonyesha kwenye karatasi kwamba namba ya injini na ile ya fremu zinakubaliana na karatasi za kwanza kabisa. "Huyu mzee," niliwaambia, "hanunui chuma tu. Ananunua uhakika kwamba hakuna kilichobadilishwa. Namba ndiyo ushahidi. Bila namba mtu anaweza kumletea kipande cha pikipiki nyingine, naye hatakubali."

Walitazamana. Niliona wametazamana, nikadhani wameelewa.

"Kwa hiyo mutu anaweza kuchanga?" dada aliuliza. Kuchanga kwao ni kubadilisha kitu kwa kingine.

"Anaweza," nilisema.

"Yaya, umesikia," alimwambia kaka yake. "Anasema weye."

"Anasema wewe na unga yako yenye mchanga," kaka alijibu, na hata mdogo akacheka. Waliagana vizuri. Kila mmoja aliinakili namba ya injini kwenye simu yake. Nilifurahi kuona wanavyolichukulia jambo kwa uzito.

Anayejua Bukavu atakuwa ameshaona kilichokuwa kinakuja. Mimi sikuona. Mjini pale mwenye gari hakai na kioo kitupu. Vioo vya pembeni, taa, hata vifuniko vya magurudumu huchongwa namba ya gari, ili mwizi asipate pa kuviuza. Wako mafundi wanaoketi kando ya barabara na patasi zao ndogo na nyundo, kazi yao ni hiyo. Nimewapita mara mia nikienda Ibanda. Niliwahi hata kusimama kuwatazama, nikisifu moyoni mkono wao ulivyonyooka.

Mzee wa Arusha alivuka mpaka wa Ruzizi asubuhi, kwa miguu, na mkoba mdogo, kofia ya kitambaa na lenzi mfukoni. Alikuwa mnyenyekevu kuliko nilivyomkumbuka. Maman alikuwa amepika dagaa waitwao sambaza, sombe ya majani ya muhogo na bugali, lakini mgeni aliomba kwanza aone. Tulikuwa tumeitoa pikipiki uani, juu ya kigoda chake. Alipiga magoti kwenye matope na suruali yake safi. Alisoma namba ya injini, akasoma ya fremu, akafuta miwani, akasoma tena. Aliweka kiganja kwenye kiti cha ngozi akakiacha pale.

"Mama," alimwambia Maman, "mumeo alikuwa mtu wa ajabu."

"Alikuwa muoga tu," Maman alisema, lakini alitabasamu.

Kisha watoto wakatoa vipande. Hakuna aliyemsubiri mwingine siku ile. Kaka alivua gunia kwenye gurudumu akaligeuza taratibu ili mgeni aone. Kwenye rimu ya kromu, kuzunguka pande zote, namba ya injini ilikuwa imechongwa kwa patasi mara nne, na kila tarakimu imechimbwa mpaka kwenye chuma cheusi.

"Tazama, Muzee," alisema, koti limefungwa vifungo vyote. "Njo ile ile. Haikuchangwa."

Dada alifungua kitenge. Tangi lilikuwa na mistari miwili ya dhahabu iliyochorwa kwa mkono kiwandani, kitu ambacho nilikuwa nimekiona mara moja tu chini ya kitanda chake na kulala nikikifikiria. Namba ilikuwa imechongwa juu ya mistari, tarakimu ndefu kama vidole, na kujazwa rangi nyeupe isomeke vizuri. "Pande zote mbili," alisema, "ili asitokee mutu kusema nilichanga upande moja."

Mdogo alitoa kabureta kwenye jani la mgomba. Kabureta ni ya chuma dhaifu. Nyundo ilikuwa imeipasua katikati, kati ya tarakimu ya tatu na ya nne.

Mgeni alichukua vile vitu kimoja kimoja. Hakupandisha sauti. Alitumia lenzi kama daktari anayejua jibu lakini anaheshimu mgonjwa. Halafu akauliza, "Nani aliwaambia mfanye hivi?"

Walinitazama wote. Maman ndiye aliyejibu, na alijibu kwa shukrani.

"Ni huyu. Njo alitufundisha."

Nikisema sikusema hivyo, ningewafanya wajinga mbele ya mgeni. Nikinyamaza, ingekuwa nimekubali. Nilinyamaza.

Walipoelewa kwamba kuchonga kwao ndiko kulikoharibu, ilikuwa kama nyumba imeingiwa na moshi. Mgeni alijaribu. Alisema tangi la namna ile halipatikani tena, na kwamba pikipiki aliyokuja kuinunua haipo tena. Anaweza kuchukua injini na fremu peke yake, kwa sehemu ya bei tuliyoongea, basi. Hiyo sehemu ingetosha kaburi. Isingekuwa na vigae, lakini saruji ingetosha. Maman alikubali kabla hajamaliza.

"Achukue," alisema.

"Maman, ngoja," mkubwa alisema. "Hiyo ni neno ya kikao."

Wakakaa kikao, pale pale, chakula kikipoa. Ugumu ulikuwa huu: injini na fremu vilikuwa kwa mama, na vikiondoka, wao watabaki kila mmoja na kipande kisichokuwa na kitu cha kuambatana nacho, na bila sauti. Mkubwa alisema baba hauzwi nusu. Dada alisema kama gurudumu la kaka lisingechongwa vibaya mgeni angelichukua. Mdogo alisema yeye aliambiwa apige kwa nguvu ili isifutike. Niliomba kuongea, mkubwa akaniinulia kiganja: "Papa, weye uliongea ya kutosha." Hakuwa na ukatili. Alikuwa anasema kweli.

Maman alikaa katikati yao na mikono mapajani. Pale mjane hasikizwi mbele ya mwana mkubwa kwenye jambo la mali ya baba. Alijua, akaacha kuongea. Mgeni alisubiri mpaka saa kumi, nao walikuwa bado hawajakubaliana. Mpaka ungefungwa jioni. Nilimsindikiza Ruzizi, naye darajani alinipa mkono.

"Ungenipigia uniulize," alisema tu.

Nilikaa miezi mingine mitano. Ningesema nilikuwa natafuta mnunuzi, na nilituma picha kweli, Nairobi, Kampala, hata kwa watu nisiowajua. Wote waliuliza maandishi yale meupe ni nini. Nilijaribu kulifuta tangi kwa jasho na msasa laini, nikaacha, maana nilikuwa nazidisha. Vijana wa teksi za pikipiki walikuja kusema wangeweka injini ya Kichina. Kila asubuhi Maman alipangusa vumbi, akaniuliza kama kuna mtu. Nami nilimwambia yuko mmoja Nairobi anafikiria. Yuko mmoja Kampala. Baada ya siku nyingi sikukumbuka tena yupi nilimsema lini.

Msimu wa mvua ulipozidi, mdogo alipiga simu: msalaba umeanguka. Mimi na Maman tulikwenda Mudaka asubuhi. Nilibeba kisanduku cha spana kwa sababu mdogo alitaka nimtazamie mashine yake ya kusaga. Kaburi lilikuwa limezama katikati, na upande wa chini udongo ulikuwa umeshuka mpaka kwenye maharagwe ya jirani. Msalaba tuliukuta humo, umelala kifudifudi.

Maman aliuokota, akaufuta kwa kitenge chake. Hakulia. Alitazama mteremko kwa muda mrefu.

"Kuko mutu?" aliniuliza.

Nilianza kusema Kampala. Nikaviona vidole vyake vyenye matope.

"Hapana, Maman. Hakuna."

"Hata mumoja?"

"Hata mmoja. Hakujakuwa na mtu tangu siku ile."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea chenji yake. "Aksanti. Ujue, kila asubuhi minasikia mulango yako, minasema: labda leo. Ni mulango yako tu inanifanya hivyo." Akaushika msalaba kifuani. "Enda, mutoto wangu. Ukibaki pale nitaendelea kungoja. Mimi ni muzee, sina nguvu ya kungoja."

Nilimwambia nitakaa nisaidie, hata wiki. Alisema watapanga mawe, na mawe hayahitaji komisioneri. Kwa hiyo tulipanga mawe mpaka saa nane, mdogo na jirani mwenye maharagwe na mimi, yakitupwa na kuteleza na kupangwa tena. Hayakushika vizuri. Kisha lori la mihogo lililokuwa likielekea kaskazini lilisimama barabarani, nikapanda na kisanduku changu. Begi langu la nguo liko Muhumba mpaka leo. Kutoka juu ya magunia nilimwona Maman amevua viatu, anakanyaga udongo kuzunguka mawe, hatua kwa hatua, ili ushike.